Kiboko Akila Mahindi Yako: Jinsi ya Kudai Fidia

Anayelima kando ya Ziwa Victoria huko Kisumu, kuanzia Dunga hadi Nyakach, anajua viboko hutoka majini usiku kutafuta malisho. Wakipitia shambani, asubuhi unakuta mahindi yamelala na mengine yameliwa hadi shinani. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 kinakuruhusu kudai fidia, lakini hakuna atakayekuletea pesa usipodai.

Asubuhi hiyo usiguse kitu. Najua unatamani kung'oa mabua upande upya kabla mvua haijakatika, ila shamba likishasafishwa, ushahidi umekwenda nao. Piga picha kwa simu: kwanza shamba zima ukiwa pembeni, kisha nyayo kwa karibu. Unyayo wa kiboko una vidole vinne vilivyotanuka, hauwezi kufanana na kwato za ng'ombe. Weka kiberiti kando yake ukubwa uonekane. Wingu likitanda, funika nyayo mbili tatu kwa beseni.

Siku hiyo hiyo mjulishe naibu wa chifu, kisha uripoti kwa Shirika la Wanyamapori, KWS. Walio karibu na mji wa Kisumu waende pale hifadhi ya wanyama ya Impala. Walio mbali wamuulize chifu ni kituo gani kinachohudumia lokesheni yao. Beba kitambulisho na nakala yake. Fomu ya madai haiuzwi, kwa hivyo anayekuitisha "ya chai" ili akupe, muage uende kwa mwingine. Jina uliandike kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Afisa wa KWS atakuja kuthibitisha ni mnyama gani aliyeingia. Kisha afisa wa kilimo akadirie hasara, na hapa ndipo wengi hupunjwa bila kujua. Uwepo mwenyewe. Usikubali "kama robo ekari hivi" ya kukisia kwa macho. Omba sehemu iliyoharibiwa ipimwe kwa kamba au hatua. Mwonyeshe risiti za agroveti, mwambie ulipanda lini na mbegu gani. Sheria inataka malipo yafuate bei ya soko, kwa hivyo kila kipimo kinachoandikwa siku hiyo ni pesa.

Kuna mtego mmoja. Sheria inanyima fidia mkulima ambaye hakuchukua hatua za kutosha kulinda mimea yake. Basi kama ulikuwa na ua, mtaro au mtu wa kulala shambani, hakikisha jambo hilo limeandikwa, na upige picha ya ua pale ulipovunjwa. Ukinyamaza, kamati ya fidia itadhani hukuwa na chochote.

Kiboko yumo katika orodha ya wanyama wanaolipiwa, pamoja na mamba, nyati na ndovu. Nyani na tumbili hawamo. Wakulima wanaopakana na mbuga ya Nakuru wanalia kila msimu kwa sababu hiyo, na kwa maoni yangu wana haki ya kulia.

Fomu ikishajazwa huenda kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia ya wanyamapori, ambayo hukagua madai na kuyapeleka KWS pamoja na mapendekezo yake. Usiachilie fomu kabla hujapata nakala yenye muhuri. Malipo huchelewa, madai mengine hukaa miaka, kwa hivyo usikope ukitegemea pesa hizo. Ulizia mara kwa mara, nakala mkononi.

Kiasi ulichopewa kisipokuridhisha, au ukinyimwa kabisa, una siku 30 tangu kujulishwa za kukata rufaa katika jopo la kitaifa la mazingira, na usiporidhika huko, Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Barua ya uamuzi ikikufikia, andika juu yake tarehe uliyoipokea na umwombe aliyekukabidhi atie sahihi.