Bayodizeli kwenye injini yako: anza na filta

Mtu akiniletea injini ya dizeli akitaka kuitilia bayodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama, kwanza namuuliza umri wa tangi. Bayodizeli husafisha. Uchafu ulioganda kwenye tangi na mipira kwa miaka unabanduka na kwenda kuziba filta. Injini inakosa nguvu ikipanda mlima, watu wanalaumu mafuta, kumbe ni filta. Kwa hiyo nunua filta za akiba kabla hujanunua hata lita moja ya mchanganyiko wa bayodizeli na dizeli ya kawaida. Injini ikianza kulegea, badilisha, kisha ikate ile kuukuu uone: tope jeusi limejaa kwenye mikunjo ya karatasi.

Anza na B5, yaani asilimia 5 ya bayodizeli, halafu panda polepole hadi B20. Injini isiyoidhinishwa na mtengenezaji wake kwa zaidi ya hapo, mimi siivushi. Kwa B20 nishati ya kila lita hupungua asilimia 1 hadi 2 tu, na madereva wengi hawahisi tofauti. Kwa B100 upungufu hukaribia asilimia 8, na ukibeba mzigo utaujua. Ninachokipenda ni kwamba moshi mweusi hupungua, maana mafuta haya yana oksijeni ndani yake, na pampu hupata ulainisho ambao dizeli ya salfa kidogo haina.

Mafuta ya kupikia yasiyochakatwa usiyatie kabisa. Ni kweli injini ya dizeli ilionyeshwa Paris mwaka 1900 ikitumia mafuta ya karanga. Lakini mafuta hayo ni mazito mara kumi au zaidi kuliko dizeli. Nozeli, badala ya kuyapuliza kama ukungu, inayatema kwa matone. Yasiyoungua yanaganda kwenye ncha yake na kwenye ringi za pistoni. Bayodizeli yenyewe imeshachakatwa kwa methanoli na kuondolewa glisarini, kile kimiminika kizito kinachojitenga wakati wa kuichakata.

Kabla ya kumimina, jaza chupa angavu uiache usiku kucha. Ukikuta tabaka chini, ni maji au glisarini: rudisha mzigo. Mipira ya zamani huvimba na kulainika, ibadilishe kwa ya Viton, aina ya mpira unaostahimili mafuta. Bayodizeli usiiweke miezi mingi, huchacha.

Na chomoa kijiti cha oili mara kwa mara. Oili ikipanda badala ya kushuka, mafuta yameingia humo. Zima injini, mwaga oili, tafuta yanakopitia.