Mkataba wa gari unakwisha, sasa uchukue ipi?

Mkataba wa gari ya kukodi ukikaribia kwisha anza kutafuta ya kununua mapema jamani, mwenye haraka huuziwa chochote. Kama njia zako ni mjini Unguja mpaka Bububu na mizigo kidogo, Toyota Fielder ya injini ya lita 1.5 inatosha, mafuta haili sana. Ila ukikaa shamba kwenye njia za mawe utaisugua tumbo kila siku, bora RAV4 au Subaru Forester, hii Forester inavuta tairi zote nne muda wote.

Kubwa kuliko yote kutu!! Chumvi ya bahari haina huruma, kwa hio mwambie fundi aiinue gari muangalie chesisi (fremu ya chini), paipu za breki na juu ya tairi kwa ndani, na ukiona chini kumepigwa rangi mpya, huenda wanaficha kutu, mie nakwambia iache.