Kabla hujahamisha Windows ya zamani kwenda kwenye mashine mpya

Huku kwetu Mtwara na Lindi anza na kalenda. Minada ya korosho kwa kawaida hufunguliwa Oktoba, na kuanzia hapo kompyuta ya chama cha msingi au ya duka la pembejeo haipumziki. Kama mashine imechoka, hamisha Windows yake Juni au Julai, wakati watu bado wanapulizia mikorosho na karani ana nafasi ya kukaa na fundi. Vifaa navyo agiza mapema, usifungue kitu kabla havijafika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar pale Somanga, na mzigo haukupita.

Njia ziko mbili. Unanakili diski nzima kama ilivyo na kuiwasha kwenye mashine mpya, au unasakinisha Windows upya kisha unarudisha programu moja moja. Mimi naipendelea ya pili, maana ile ya kwanza inahama na takataka zote za miaka. Ila kama kuna programu ambayo CD yake ilishapotea na aliyeifunga hapatikani, hapo huna ujanja, nakili diski nzima.

Kazi kubwa hasa ifanyike wakati mashine ya zamani bado inawaka. Fungua orodha ya programu zilizomo, na kwa kila unayoitumia ujue faili la kuisakinisha liko wapi, namba ya leseni iko wapi, na data zake zinakaa folda gani. Hapo kwenye data ndipo wengi wanapoumia. Mtu ananakili Documents na Desktop, anaona amemaliza, kumbe programu ya hesabu huhifadhi kumbukumbu kwenye folda yake yenyewe ndani ya C, au kwenye ProgramData ambayo kwa kawaida imefichwa. Usibahatishe: tumia bakapu ya programu husika, kisha ifungue kwenye kompyuta nyingine uone kama salio la mwisho linasomeka. Kwa anayetumia Tally, programu ya hesabu za biashara, leseni irejeshe kwanza ukiwa kwenye mashine ya zamani, ndipo uiwashe kwenye mpya.

Leseni ya Windows yenyewe inajulikana kwa dakika moja. Fungua Command Prompt, andika slmgr /dli, subiri kidirisha. Ukiona OEM, yaani iliyokuja na kompyuta, leseni hiyo imefungwa kwenye mazabodi (bodi kuu) ya zamani, haihami. RETAIL, iliyonunuliwa peke yake, inahama. Ukikuta VOLUME kwenye kompyuta ya duka lako, na hujawahi kununua leseni za taasisi, aliyekufungia alikupa kisicho chake.

Sasa vifaa. Windows 10 ikihamishwa diski nzima mara nyingi inajitambulisha yenyewe kwa mazabodi mpya. Windows 7 ni mkaidi: haina draiva (programu za kuendesha vifaa) za NVMe, yaani diski za kasi za kisasa, wala za USB 3, kwa hiyo unakutana na skrini ya bluu yenye 0x0000007B, au inawaka lakini kibodi na mausi vimekufa. Kabla ya kunakili, fungua msinfo32 usome mstari wa BIOS Mode, unaoonyesha jinsi mashine inavyowaka. Kama ni Legacy (mtindo wa zamani) na mashine mpya inakubali UEFI (mtindo mpya) tu, mpangilio wa diski itabidi ugeuzwe kutoka MBR wa zamani kwenda GPT wa sasa. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 ina zana ya MBR2GPT kwa kazi hiyo. Kama kuna BitLocker, kufuli ya Windows ya kufungia diski, chapisha ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi. Draiva ya mtandao ya mashine mpya iweke kwenye flashi, na wakati wa kunakili tumia UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Usisahau nyuma ya mashine. Mizani ya ghala inayotumia kebo ya pini 9 haitapata pa kuchomeka kwenye kompyuta nyingi za leo, utahitaji adapta ya USB. Na kama Windows yako ni ya biti 32, jua kwamba programu kongwe za biti 16 hazifanyi kazi kabisa kwenye ya biti 64. Windows 11 inakuja kwa biti 64 tu.

Na hiyo mashine “mpya” ni mpya kweli? Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na prosesa inayokubalika. Kwa Intel Core za kawaida ni kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta ya mtumba yenye Core i5 ya kizazi cha nne, hata ing’ae vipi, haimo.

Diski ya zamani ichomoe, iandike tarehe kwa makapeni, uifungie kabatini. Usiifute wala kuifanya flashi kubwa ya kubebea sinema mpaka msimu uishe na malipo ya wakulima yote yafungwe kwenye mashine mpya.