Saa ya mkononi ya zamani: namna ya kuikagua kabla hujatoa hela yako

Wadau habari zenu. Nimeona watu wengi siku hizi wanazitafuta Seiko 5 za zamani, Citizen, Orient, mara moja moja na Omega, na pale Kiborloni Moshi ukienda asubuhi unaweza kuzikuta zimepangwa kwenye turubai pamoja na mikanda na miwani. Mi nilishapigwa hapo mjini, nilitoa elfu sitini kwa Seiko 5 iliyokuwa inang'aa kama imetoka kiwandani jana, nikarudi nayo Arusha roho imetulia kabisa, siku ya tatu ikasimama. Fundi alipofungua kifuniko cha nyuma nikaona kutu imekula skrubu na maji yameacha alama mpaka kwenye mashine. Tangu hapo saa ya miaka arobaini inayong'aa sana ndo naiogopa kuliko iliyochubuka.

Anza na uso, yaani pale penye namba na maandishi, usianze na mkanda wala kioo. Hapa usiwe na haraka. Washa kamera ya simu uivute karibu mpaka herufi zijae skrini. Maandishi ya kiwandani yana kingo safi, herufi zote zimekaa kwenye mstari, ila uso uliopakwa rangi upya utakuta herufi nene, wino umetambaa, vistari vya dakika haviko sawasawa na alama za masaa. Alafu shuka chini kabisa ya namba 6, Seiko huwa wanaandika kwa herufi ndogo sana JAPAN na namba ya uso, mara nyingi inaanza na namba ya mashine, mfano 7009. Sasa igeuze saa usome kifuniko cha nyuma, ukikuta huku 7009 na huku 6309 ujue hiyo ni saa mbili zimeunganishwa kuwa moja. Inaweza ikatembea vizuri tu, lakini usiilipie bei ya orijino. Na uso wenye madoa kidogo ya uzee lakini haujaguswa mi nauchukua haraka kuliko uliopakwa upya, kwa sababu rangi ya kiwandani ikishafutwa hairudi.

Hapo hapo kwenye kifuniko kuna namba ya mfululizo. Kwa Seiko tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, ya pili ni mwezi, kwahiyo ikianza na 82 ni Februari ya mwaka unaoishia na 8. Haikwambii ni 1978 au 1988, hapo ndo unaangalia namba ya mashine na ilitengenezwa miaka gani.

Mwili wa saa: kingo zikiwa kali ni nzuri, zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika basi imesuguliwa sana. Ya rangi ya dhahabu angalia kwenye pembe zinaposhika mkanda, ikichujuka unaona shaba.

Sasa mashine. Seiko 5 nyingi za zamani, 7009 ikiwemo, huwezi kuzijaza kwa kuzungusha kitufe cha pembeni, zinajijaza zenyewe ukitembea nazo, kwahiyo muuzaji akizungusha zungusha kitufe anakuonyesha tu. Itikise taratibu nusu dakika uone kama inaamka yenyewe. Iweke sikioni. Mlio uwe wa mfululizo, haupandi haushuki, na ukisikia kitu kinakwaruza chuma ukiigeuza ujue ule uzito wa ndani unaozunguka umelegea. 7009 inapiga mara 21,600 kwa saa, maana yake mara sita kwa sekunde, rekodi video ya taratibu uone mshale wa sekunde unavyoruka.

Tarehe na siku jaribu kuzibadilisha, ila kwanza sogeza mishale mbali na usiku. Kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku meno ya kubadilisha tarehe yanakuwa yameshikana, ukilazimisha yanavunjika.

La mwisho ni unyevu. Shika saa kwenye kiganja dakika chache ipate joto, dondoshea tone la maji baridi juu ya kioo, subiri, futa. Kukibaki ukungu kwa ndani usinunue. Arusha Juni na Julai hata tone huhitaji, toka nayo nje alfajiri tu.

MASWALI

Mdau wa Ngaramtoni: Mkuu, marehemu mzee aliniachia saa ya kujaza, imekaa kabatini zaidi ya miaka kumi. Niijaze nione kama inafanya kazi?

Jibu: Pole sana kaka. Usiiendeshe, mafuta ya ndani yameshakauka na vyuma vitasagana. Mpelekee fundi aisafishe na kuweka mafuta, na mwambie kabisa uso asiuguse hata akikuahidi utakuwa mpya.

Dada wa Majengo, Moshi: Nilimnunulia mume wangu, ilikuwa sawa kabisa, sasa inakimbia dakika kumi kwa siku. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Hapana dada, inawezekana imeshika sumaku. Huwa anailaza juu ya spika au redio? Isogeze karibu na dira, sindano ikicheza ndo hivyo. Fundi mwenye kifaa cha kutoa sumaku anamaliza kwa dakika moja.

Mdau: Yangu imeandikwa WATER RESIST, naweza kuogelea nayo Chemka?

Jibu: Usijaribu. Mpira wa kifuniko una umri kama wa saa yenyewe, umeshakuwa mgumu. Hata kunawa mikono ivue.

Mdau wa Sakina: Nimeona ya Uswisi, chini imeandikwa T SWISS T, jamaa anasema ya miaka ya sabini na gizani inawaka usiku kucha.

Jibu: Hiyo T ni tritiamu, kitu cha kufanya alama na mishale ziwake gizani, na nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Ya miaka ya sabini gizani inatakiwa iwe imeshazima. Ikiwaka usiku kucha, alama na mishale imepakwa upya, mwambie ashushe bei au muache nayo.