Topido, bomu la kutegwa au kombora? Namna ya kusoma jeraha la manowari

Manowari ikizama, msemaji wa jeshi atasema ajali, adui atajisifu, na mtandaoni kila mtu atakuwa na kombora lake. Usianze na maneno yao. Anza na picha ya chombo, na utafute mambo manne: jeraha liko wapi, chuma kimekunjikia upande gani, mishindo ilikuwa mingapi, na nini kimeokotwa chini ya bahari.

Kwanza, mstari wa maji. Kombora linaloruka juu ya bahari kwa kawaida hupiga juu ya mstari huo, na kinachomaliza meli mara nyingi ni moto. HMS Sheffield ya Uingereza ilipigwa na kombora aina ya Exocet tarehe 4 Mei 1982, ikaungua, na ilizama tarehe 10 ikivutwa. Moskva ya Urusi nayo, Aprili 2022, ilipigwa picha ikiwa bado inaelea, ubavu umejaa masizi. Ukiona rangi iliyobabuka na moshi unaofuka kwa saa nyingi, topido, yaani silaha inayojiendesha chini ya maji kwa mota na rafadha, iweke mwisho wa orodha yako.

Jeraha likiwa chini ya maji, uliza: ni tundu au ni mvunjiko? Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu hudhani kila topido hukata meli vipande viwili. Topido inayolipuka kwa kugusa ubavu hutoboa. Tarehe 2 Mei 1982 nyambizi ya Uingereza, HMS Conqueror, iliirushia General Belgrano ya Argentina topido tatu za Mark 8, muundo uliozaliwa kabla ya Vita vya Pili, na mbili zikapiga. Moja ilinyofoa omo, yaani sehemu ya mbele, lakini viwambo vya ndani, yaani kuta za kuzuia maji, vilistahimili. Ya pili ilipiga upande wa tezi, yaani nyuma, mlipuko ukapanda hadi kwenye mabweni ya mabaharia, umeme ukakatika, na bila umeme pampu hazikuweza kutoa maji. Dakika ishirini na kitu baadaye nahodha aliamuru watu waiache meli. Walikufa 323. Hakuna mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, uliovunjika pale, na bado ilikuwa topido.

Topido nzito za siku hizi, nyingi zikiwa na kipenyo cha milimita 533, hulenga kulipukia chini ya meli bila kuigusa. Topido ikilipuka, kwanza huja wimbi la mshindo linalosafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde au zaidi. Nyuma yake kiputo cha gesi hutanuka, kikainua meli katikati. Kisha kikanywea, na meli ikabaki imening'inia juu ya pengo. Huinuliwa, huangushwa, hupigwa tena. Mkuku hauchukui mkunjo wa namna hiyo.

Mfano ulioandikwa vizuri ni Cheonan ya Korea Kusini, iliyovunjika vipande viwili usiku wa tarehe 26 Machi 2010 karibu na kisiwa cha Baengnyeong. Kati ya watu 104 walikufa 46. Vipande vilipoinuliwa, wachunguzi walikuta mabamba ya sakafu yamekunjikia juu, na nyaya zimekatika bila dalili ya kuungua. Miili ya waliokufa ilikuwa na mifupa iliyovunjika, si majeraha ya moto. Ukikagua picha za mabaki yoyote, vuta karibu hapo hapo penye mkato: ncha zilizokunjikia ndani na juu zinasema nguvu ilitoka nje, chini. Zilizopinda kuelekea nje zinakuelekeza kwenye ghala la silaha la meli yenyewe.

Sasa hesabu ninayoipenda kuliko zote. Kiputo kikinywea hutoa mshindo wa pili, na muda kati ya mishindo miwili unategemea uzito wa baruti na kina cha mlipuko. Chukua uzito kwa kilo za TNT, kilipuzi kinachotumika kama kipimo, tafuta mzizi wake wa tatu, zidisha kwa 2.11. Pembeni, chukua kina kwa mita, ongeza 10.1, pandisha kwa kipeo cha 5/6. Gawanya la kwanza kwa la pili. Jibu ni sekunde. Kilo 250 kwenye mita 9: mzizi ni 6.3, ukizidisha unapata 13.3, upande wa pili 19.1 inakuwa 11.7. Jibu ni kama sekunde 1.14. Kwa Cheonan, pengo lililonaswa na vyombo vya kupimia mitetemo ya ardhi lilikuwa sekunde 1.1.

Usifurahi haraka. Kilo 300 kwenye mita 11 nazo hutoa 1.1. Hesabu hii peke yake haikupi uzito. Lazima uifunge na ukubwa wa uharibifu. Tena, kiputo kikipasua uso wa maji kabla ya kunywea, mshindo wa pili hudhoofu au hauji kabisa.

Pengo likiwa refu mno, hicho si kiputo. Nyambizi ya Urusi, Kursk, Agosti 2000, iliacha mishindo miwili iliyoachana kwa sekunde 135: wa kwanza ni topido ya mafunzo iliyolipuka ndani ya chombo, wa pili ni silaha nyingine zilizoshika moto. Fundi akikuletea dakika mbili na ushee, mwambie aache habari za adui, atafute ajali ya ndani.

Linabaki swali gumu: bomu lililotegwa chini ya bahari nalo huweza kulipukia chini ya mkuku na kuacha jeraha lile lile. Chuma hakitakujibu. Kinachotenganisha ni mabaki: bomu la kutegwa kwa kawaida halina mota wala rafadha, yaani panga za kusukuma maji. Kwa Cheonan, meli ya uvuvi iliyokokota nyavu mahali pale tarehe 15 Mei ilileta rafadha mbili zinazozunguka kinyume, na mota yake. Korea Kaskazini, iliyolaumiwa kwa topido hiyo, ilikana na bado inakana, lakini mwenye kudai bomu la kutegwa ana deni la kueleza mota ile ilifuata nini pale.

Na ukikosa jeraha, usiseme hapakuwa na shambulio. Nyambizi San Luis ya Argentina ilirusha topido mwaka 1982 na haikuzamisha kitu. Kompyuta yake ya kulengea ilikuwa imeharibika, na mabaharia wakalazimika kupiga hesabu kwa mkono. Miaka ya mwanzo ya Vita vya Pili, topido ya Mark 14 ya Marekani ilipita chini mno, karibu mita 3 kuliko ilivyowekwa, na pini yake ya kulipulia ilipinda ikigonga ubavu kwa pembe ya mraba. Tarehe 24 Julai 1943 nyambizi ya Marekani, Tinosa, iliirushia meli ya Japani, Tonan Maru No. 3, topido 15. Nyingi ziligonga zikakaa kimya, na meli ikabaki juu ya maji.