Rudi kukiona chumba jioni, bila dalali
Ukipata chumba Sinza, Msewe au Changanyikeni, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, usilipe kodi ya miezi sita kabla hujarudi peke yako saa moja jioni na kumuuliza mpangaji aliyepo jinsi wanavyochangia umeme wa LUKU na siku ambazo maji hutoka. Dalali, ambaye kwa kawaida hulipwa kodi ya mwezi mmoja, hana haraka ya kukueleza kwamba mita ni moja kwa vyumba vyote. Mpangaji aliyechoka kubeba ndoo atakueleza, na pengine zaidi ya ulivyouliza. Muziki wa baa ya jirani nao utausikia mwenyewe. Njia hii haisaidii katika nyumba mpya isiyo na wapangaji, wala pale mwenye nyumba anapokaa barazani akisikiliza.