Jinsi ya kumweka mtu kileleni kwenye mchoro wa mandhari

Wanafunzi wangu wengi humchora mtu mwishoni, mlima ukishakauka. Anaishia kuonekana kama abiria aliyeachwa na basi. Anza naye.

1. Amua nani mkubwa. Mnamo 1818 hivi, Mjerumani Caspar David Friedrich alichora msafiri juu ya jabali, bahari ya ukungu mbele yake. Turubai lina kimo cha sentimita 95 tu, lakini mtu amelitawala. Fan Kuan wa China, karne nane kabla yake, alitumia hariri ya kimo cha zaidi ya mita 2, na wasafiri wake wako chini kule, wadogo kama sisimizi. Kwa Friedrich mlima unamsikiliza mtu. Kwa Fan Kuan mtu ni kipimo cha mlima.

2. Kata watu watatu wa karatasi: wa sentimita 1, 4 na 10. Wasogeze juu ya mchoro wa penseli kabla hujagusa rangi. Mara nyingi utashangaa: yule mdogo ndiye anayeufanya mlima utishe.

3. Mpe mgongo. Akitutazama, ni mtalii anayepigwa picha. Akitupa kisogo, tunatazama anachotazama yeye, na hatujui kama anafurahi au anaogopa. Usimsimamishe kama mlingoti: wa Friedrich ametanguliza mguu mmoja, ameegemea fimbo, nywele zinapeperushwa.

4. Elekeza mistari ya milima kwake. Katika picha hiyohiyo, miteremko ya pande zote mbili inashuka kuelekea kifuani mwake. Haikutokea yenyewe: Friedrich alikusanya michoro ya majabali ya bonde la mto Elbe, akaiunganisha studio. Nawe unganisha.

5. Rangi. Jabali la mbele liwe la giza. Ukungu uwe mweupe wenye buluu kidogo sana, kingo zilainishwe kwa brashi kavu. Mtu awe wa giza pia. Mwanafunzi mmoja alimvika wake shati jekundu, na tangu hapo hakuna aliyeuona mlima. Koti la msafiri wa Friedrich ni kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi.

6. Sahihi isikae miguuni pake. Fan Kuan aliificha yake katika majani, karibu na wale wasafiri wake. Iligunduliwa 1958.